Ekzosi Ikinywa Maji: Tuliyojifunza Gerejini Malindi Msimu wa Mvua

Kila masika, mvua ikishakaza kati ya Aprili na Juni, gereji za Malindi hupokea magari mengi yenye shida moja. Dereva anashuka na kusema: "Fundi, ekzosi imekunywa maji." Ama gari lililala nje na uwanja ukafurika, ama lilikatiza dimbwi njia ya Ganda likazimika katikati. Swali letu la kwanza halihusu aina ya gari wala mwaka wake. Tunauliza: baada ya maji kuingia, umepiga stata? Jibu ndilo linaloonyesha kama kazi ni ya asubuhi moja au ni ya kufungua injini.

Maji yaliyomo ndani ya ekzosi, yakibaki humo humo, si ugonjwa mkubwa. Ekzosi imeundwa kuishi nayo. Petroli ina haidrojeni, na haidrojeni ikiungua hugeuka maji; lita moja ya petroli hutoa takriban lita moja ya maji, yakatoka kama mvuke. Ndiyo sababu hata gari lisilo na kasoro hudondosha matone nyuma asubuhi, hasa la mtu anayetoka Shella kwenda sokoni na kurudi, mwendo mfupi usioipa sailensa nafasi ya kushika moto. Kinachoharibu ni mambo mawili: maji kufika silindani, na maji baridi kukutana na kitu chenye moto wa mamia ya digrii. Kwa hiyo kazi huanza kwa kujua maji yalifika wapi, kabla mkono haujagusa ufunguo.

Soma mstari wa maji

Maji yakishuka huacha mstari wa tope. Utafute kwenye milango kwa ndani, kwenye rejeta na chini ya boneti. Upige picha kabla hujaosha gari, maana kampuni ya bima itautaka, na fundi pia atauhitaji kesho yake wakati gari limeshakauka na kila mtu anakisia.

Gari likiwa limeegeshwa na kuzimwa, maji huingia kwa bomba la nyuma na kupanda ndani mpaka usawa wa maji ya nje, hayapiti hapo. Ili yafike silindani kwa njia hiyo lazima yapite sailensa, bomba la kati, katalitiki (kipande cha kauri kinachosafisha moshi) na manifoldi (mabomba yanayopokea moshi kutoka silindani), kisha yakute valvu ya ekzosi iko wazi. Manifoldi ya gari dogo kama Probox au Vitz iko juu ya usawa wa sakafu. Mstari ukiwa chini ya kizingiti cha mlango, silinda hazijaguswa kwa upande wa ekzosi, na kilichobaki ni kumwaga maji. Mstari ukifika viti, usiamini chochote. Fungua plagi.

Gari lililozimika likiwa kwenye mwendo ni habari nyingine kabisa. Hilo huenda limevuta maji kwa mbele, kupitia mdomo wa hewa, hata kama mwenyewe anaona maji yakichuruzika nyuma na kuamini tatizo liko huko. Kwenye magari mengi mdomo huo uko nyuma ya taa au juu ya rejeta, na wimbi linalosukumwa na bampa hupanda juu kuliko dimbwi lenyewe. Fungua boksi la kichujio cha hewa. Karatasi ikiwa imelowa, au kuna mchanga chini ya boksi, maji yamepita hapo. Kisha chomoa dipstiki: oili iliyopanda kuliko alama ya juu, au iliyogeuka rangi ya maziwa, imeshachanganyika na maji.

Hesabu ifuatayo tunawapa madereva wanaotaka "kujaribu mara moja tu". Injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye Probox ni ya cc 1,497 kwa silinda nne, na uwiano wake wa mbano ni 10.5 kwa 1. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama mililita 39, pungufu ya vijiko vitatu vya mezani. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Yakizidi nafasi hiyo, pistoni hugota huku silinda nyingine zikiendelea kuisukuma krenki, na kinachosalimu amri ni konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Stata peke yake mara nyingi hukwama tu na kulia "klak". Lakini kama silinda zingine ni kavu, injini ikashika kwa sekunde moja na kupata kasi, konrodi hupinda, na ikivunjika hutoboa bloku.

Maji yakiwa silindani

Anza kwa kufungua waya hasi wa betri, spana ya 10. Ondoa koili nne. Kila moja imeshikwa na boliti moja, nayo pia ni ya 10. Kabla ya kugusa plagi, puliza hewa kwenye mashimo yake, kwa sababu tope la mvua hukaa pale na plagi ikitoka mchanga utatumbukia ndani. Hatua hii ndogo wengi huiruka, na mchanga huo ukikwangua ukuta wa silinda, gari huanza kula oili. Toa plagi kwa soketi ya 16. Chomoa na fyuzi ya EFI, yaani ya mfumo wa kupuliza petroli, ili petroli isimwagwe, na acha koili zote zikiwa hazina waya.

Sasa zungusha injini kwa mkono kwa boliti ya puli ya krenki, soketi ya 19, upande unaokwenda mshale wa saa, mizunguko miwili kamili. Ikigoma hata plagi zikiwa nje, kuna kitu kimepinda au kimekwama. Usitafute bomba refu la kuongeza nguvu. Ikizunguka bila kizuizi, rudisha betri na upige stata sekunde tano, upumzishe, urudie mpaka mashimo yasitoe hata ukungu. Mtu yeyote asiinamie injini wakati huo. Maji hutoka kwa kishindo, tena huenda yamechanganyika na petroli.

Siku hiyo hiyo, tia kijiko kidogo cha chai cha oili ya injini, mililita 5, kwenye kila silinda na uzungushe tena kwa mkono. Hapa pwani hewa ina chumvi, na ukuta wa silinda uliooshwa oili yake na maji unaweza kushika kutu usiku mmoja. Ringi za pistoni zikishikana na kutu hiyo, ndipo gari lililoponea mafuriko linapoharibikia gerejini. Tunasikitika kila tunapoona gari limeachwa wiki nzima likisubiri mwenyewe atafute pesa, ilhali kijiko cha oili kingetosha kulihifadhi.

Pima mbano wa kila silinda kama geji ipo. Konrodi ikipinda huwa fupi, pistoni haifiki juu kama zamani, na silinda hiyo husoma chini ya wenzake. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Silinda moja ikiwa chini kwa psi 20 au zaidi baada ya kutiwa oili, usiliachie gari barabarani. Konrodi iliyopinda kidogo inaweza kutembea miezi kadhaa, kisha ikavunjika gari likiwa kwenye mwendo mkali.

Oili ibadilishwe mara mbili. Lita 3.7 pamoja na filta kwa Probox; ekzosi ikishamwagwa kama tunavyoeleza hapa chini, endesha injini dakika kumi mpaka ipate joto, mwaga, weka nyingine na filta mpya. Oili ya kwanza ni ya kuosha, si lazima iwe ya bei, bali iwe ya uzito ule ule unaotakiwa. Plagi zikirudishwa zikazwe kwa Nm 18, na kwa asiye na toki renchi (spana yenye kipimo cha nguvu), mkono mpaka zikae, kisha kipande kidogo cha mzunguko.

Kumwaga ekzosi yenyewe

Silinda zikishathibitishwa kuwa kavu, kazi ya ekzosi ni nyepesi. Wengi huinua gari mbele kwa jeki wakitarajia maji yatoke nyuma yote. Hayatoki yote. Bomba la nyuma hupanda kuvuka ekseli kabla ya kushuka, na sailensa ina vyumba ndani vyenye mabomba yaliyoingiliana, kwa hiyo maji hubaki kwenye tumbo lake. Inua hata hivyo, weka stendi imara, maana jeki peke yake kwenye mchanga wa Malindi huzama na kulala. Kisha nenda kwenye kiungo cha kati, kile chenye boliti mbili zenye springi, kwa kawaida namba 14. Zinyunyizie oili ya kulegeza kutu na usubiri nusu saa; kwenye gari lililokaa pwani boliti hizo hukatika zikilazimishwa. Fungua, vua mipira inayoning'iniza sailensa, shusha kipande cha nyuma na ukiinamishe kila upande. Usishangae yakitoka lita mbili tatu.

Gasketi ya mviringo iliyo kwenye kiungo hicho haipendi kutumika mara ya pili. Ikiwa imemomonyoka, nunua nyingine. Wala usiizibe kwa gundi ya silikoni ya kawaida, kwa sababu mvuke wa silikoni ukifika kwenye sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi, huifunika na kuiua.

Angalia sehemu ya chini kabisa ya sailensa. Nyingi zimetobolewa tundu dogo kiwandani, la kutolea maji. Tope huliziba. Lizibue kwa waya. Kama halipo na gari lako hutembea safari fupi tu, kutoboa la 3 mm ni sawa; sauti haibadiliki wala vipimo havivurugiki, kwa kuwa liko nyuma ya sensa zote. Lakini mtu asitoboe mbele ya katalitiki wala karibu na sensa. Hapo ekzosi huvuta hewa ya nje kati ya pigo na pigo, sensa inasoma oksijeni isiyotoka kwenye injini, na kompyuta inaongeza petroli bila sababu.

Maji ya mto ni mabaya kuliko ya mvua. Sabaki ikifurika hubeba udongo laini sana, ule unaoifanya bahari ya Malindi kuwa ya kahawia, na udongo huo ukikauka ndani ya katalitiki huwa kama tofali. Matundu ya katalitiki ni ya karibu 1 mm tu. Ukijua gari lilikaa kwenye maji ya tope, shusha katalitiki ingali na unyevu, uisuuze kwa maji ya bomba yanayotiririka polepole, kutoka upande wa kutokea moshi kurudi upande wa kuingilia. Mashine ya kuoshea magari inavunja kuta zake. Usitumie sabuni wala asidi. Isuuzwe mpaka maji yatoke meupe, kisha isimamishwe wima ichuruzike usiku kucha.

Ikiwa maji yalikuwa ya bahari, kwa mfano gari lililoshuka ufuoni kuvuta mashua wakati wa bamvua, suuza kila kitu siku hiyo hiyo, nje na ndani. Visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya chumvi, kwa hiyo kusuuza kwa maji ya kisima hicho ni kuongeza chumvi juu ya chumvi. Tumia ya bomba au ya mvua.

Moto wa kwanza baada ya kukausha

Hapa haraka huharibu zaidi. Katalitiki ni kauri. Ikifanya kazi hufika digrii 400 hadi 800, na kauri yenye maji ikipashwa ghafla hupasuka. Sensa ya oksijeni nayo ina kauri na hita ndani yake. Tone la maji likiirukia ikiwa ya moto, hita hukatika. Kwa hiyo washa injini na uiache sailensi, bila kukanyaga, dakika kumi. Mvuke utatoka, matone yatatoka, yawezekana na masizi meusi yaliyooshwa kutoka ndani. Usisimame nyuma na nguo nyeupe. Baada ya hapo panda taratibu mpaka mizunguko 2,000 kwa dakika chache, halafu toka barabarani.

Sailensi peke yake haimalizi kazi. Sailensa ya nyuma iko mbali na moto na haifiki digrii 100 gari likiwa limesimama. Inahitaji mwendo wa nusu saa hivi bila kusimama simama. Toka Malindi mpaka Gede na kurudi, kilomita kama 30, na ndani patakauka kabisa.

Ukirudi, skana gari usome namba za hitilafu kwenye kompyuta yake. P0135 na P0141 zinasema hita ya sensa, ya mbele na ya nyuma mtawalia. Usikimbilie kununua sensa; chomoa kwanza soketi ya waya uone kama kuna maji au kijani cha kutu, uikaushe kwa hewa. Na hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulikosa: usitie grisi wala dawa ya mafuta kwenye soketi ya sensa ya oksijeni. Sensa nyingi huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia ndani ya waya wake, na mafuta yakiingia humo inasoma uongo. Ikilazimika kubadilishwa, spana yake ni ya 22, na ifunguliwe ekzosi ikiwa vuguvugu, kwani ikiwa baridi kabisa uzi hung'ang'ania.

P0420 ni ya katalitiki. Igonge kwa ngumi gari likiwa baridi. Ikilia kama kuna changarawe ndani, kauri imevunjika, na vipande vyake vitahama hadi vizibe njia ya moshi. Gari lenye njia iliyozibwa huwaka vizuri, likapanda kidogo, kisha hukosa nguvu kana kwamba breki imeshikwa. Njia rahisi ya kuthibitisha: fungua sensa ya mbele, moshi upate pa kutokea, kisha washa na ukanyage ukiwa umesimama pale pale gerejini. Nguvu ikirudi pamoja na makelele, kizuizi kiko nyuma ya tundu hilo.

Kuhusu moshi mweupe, joto la hapa linatusaidia. Limuru asubuhi ya Julai kila gari hufuka. Malindi, kwa hewa ya digrii 28, mvuke wa kawaida hupotea haraka. Ukiona moshi mweupe mzito unaodumu hata baada ya ile safari ya Gede, kagua maji ya rejeta. Yakipungua, na moshi una harufu tamu tamu, tatizo ni gasketi ya hedi, na mvua haihusiki.

Dizeli na tuktuk

Dizeli ni hatari zaidi kwa sababu mbano wake ni mkubwa. Hiace ya lita 2.5 yenye mbano wa 18.5 kwa 1 ina nafasi ya mililita 35 hivi kwa silinda, ingawa silinda yenyewe ni kubwa. Haina plagi za kuwashia moto. Unatoa plagi za kupashia joto au injekta, na kwa kuwa tundu la plagi hizo ni jembamba, maji hutoka polepole. Zungusha kwa mkono bila papara. Fungua pia mabomba ya intakula, yaani kipoza hewa cha turbo, kwa kuwa maji hujificha chini yake na kumezwa siku gari likipanda kasi.

Tuktuk ni rahisi. Bomba lake liko chini na hunywa maji kwenye kila dimbwi, lakini silinda ni moja na plagi ni moja. Funga petroli, toa betri isimwage asidi, fungua sailensa, uimwage. Isipozidi hapo, ndani ya saa moja iko kazini.

Ukilazimika kupita majini

Injini inayonguruma huweza kusukuma moshi utoke hata ekzosi ikiwa imezama. Maji yenye kina cha nusu mita yanarudisha shinikizo la kPa 5 tu, na moshi hulishinda bila taabu. Shida huja mguu ukitolewa: moshi ukidhoofika au injini ikizimika, maji hurudi ndani. Gia ya kwanza, mzunguko mmoja usiobadilika, mwendo wa mtu anayetembea. Na kabla ya kuingia, simama dakika kadhaa ekzosi ipungue moto kama umetoka mwendo wa kasi. Manifoldi ya chuma cha kumimina ikimwagiwa maji ikiwa nyekundu hupata ufa, ule unaolia "tik tik" asubuhi na kunyamaza ikipata joto.

Kina ni jambo moja, mkondo ni jingine. Maji yanayokwenda yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuliinua gari dogo, na ya 60 huchukua hata gari kubwa. Tana ilipoikata barabara ya Garsen kwenda Lamu wakati wa El Niño ya Novemba 2023, na tena kwenye mvua za 2024, hapakuwa na ufundi wa gia uliofaa pale. Tafadhali, rudi nyuma.

Magari yenye difu nyuma (boksi la gia linalozungusha magurudumu ya nyuma), Hiace na Land Cruiser, yana kipumulio juu ya difu. Difu ya moto ikizama kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji kwa kipumulio hicho au kwa sili za ekseli. Dereva hahisi kitu. Siku chache baada ya mafuriko, gari likiwa limelala usiku mzima pahala pamoja, legeza boliti ya chini ya difu kidogo tu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwepo ndiyo yatakayotangulia kudondoka. Yakitoka, mwaga oili yote na uweke mpya, ufanye vivyo hivyo kwa giaboksi.